Hodi ya Tatu

Nyumba ya marehemu Mzee Msellem, hapo Pujini, kisiwani Pemba, ukishaipita skuli, ilikuwa na sifa ya kunukia udi kila Ijumaa, na ya kusomwa maulidi kila mfunguo sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Miaka ya karibuni ikapata na sifa nyengine: kwamba ni nyumba isiyoitikia hodi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtafuna Bi Kazija, mjane wa Mzee Msellem. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Akiitikiwa huingia, na asipoitikiwa hata mara ya tatu hugeuza njia akenda zake bila ya kinyongo, kwani ndivyo dini ilivyomfunza. Lakini mlango ukiwa wazi, na moshi unafuka jikoni, na miguu ya mtu inaonekana chini ya pazia, kinyongo hakikosekani.

"Wana maringo wale," wanawake walisemezana kisimani. "Kisa mume alikuwa karani wa mahakama Chake Chake."

Bi Kazija aliyasikia, akayameza. Aliona bora nyumba yake iitwe ya wenye maringo kuliko ukweli ujulikane. Mtu aliyekuwa nyuma ya pazia, kila Bi Kazija alipokuwa hayupo, ni Mwanawema, mjukuu wake, na Mwanawema alikuwa na kigugumizi. Herufi nyengine alizipenya kwa taabu. Neno "karibu" lilimkaba koo kabisa, na hodi ya tatu ikapita yeye bado kidevu kinamtetema.

Katika ukoo ule kusema vizuri kulikuwa ndiyo heshima yenyewe. Mzee Msellem alipokuwa akisoma maulidi, watu walikuja kutoka Tumbe kule mbali kumsikiliza. Bi Kazija mwenyewe Mapinduzi yalimkuta darasani, msichana wa kidato, na walimu walipopungua akakabidhiwa chaki angali mbichi. Nusu ya Pujini aliifundisha yeye kusoma. Kisha mwanawe Silima, aliyekuwa kazini Unguja, akafiwa na mkewe, akamletea mtoto anayekwama kwenye jina lake mwenyewe.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba Msahafu Mwanawema aliusoma bila ya kukwama hata pahala pamoja. Basi Bi Kazija akaamini kule kukwama kwengine ni uzembe tu, na uzembe hautangazwi. Akachukua dawa iliyokuwa karibu naye: akawa anamjibia.

"Hujambo, Mwanawema?"

"Hajambo," husema Bi Kazija.

"Yuko darasa la ngapi sasa?"

"Kidato cha pili. Ana haya sana huyu."

"Mashaallah! Watoto wa siku hizi wana haya wapi!"

Na Bi Kazija akaipokea sifa hiyo, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayepokea sahani ya jirani akijua fika kuwa imekosea nyumba. Dukani Mwanawema alikwenda na kikaratasi. Harusini aliketi nyuma ya bibi yake. Alipofika umri wa kuvaa buibui alikuwa hasemi tena hata pale alipoweza.

Siku moja akaja Mwalimu Jecha, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Bi Kazija na sasa akisomesha skuli ile ile. Alikuwa ameanzisha kikundi cha maigizo cha vijana wa shehia.

"Mwalimu, nimekuja kuomba mtoto."

"Kumwoa? Mkeo anajua?"

Jecha akacheka hadi akakohoa. "Astaghfirullah! Namtaka kwenye mchezo. Tunatunga mchezo juu ya wasichana wanaotolewa skuli kwenda kuolewa."

"Mjukuu wa Mzee Msellem hapandi jukwaani, Jecha."

"Hapana jukwaa, Mwalimu. Ni uwanja wa skuli, na mikeka."

Bi Kazija alitaka kukataa moja kwa moja. Lakini alimwona Mwanawema kizingitini, na macho ya mtoto yule yalikuwa yanaomba kwa namna ambayo mdomo wake usingeweza. Akatafuta njia ya katikati.

"Basi mpeni kazi ya mikeka. Ashike, akunje, akunjue. Asiseme. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Tangu hapo Mwanawema akawa anakwenda mazoezini baada ya alasiri. Mambo madogo yakaanza kubadilika. Bi Kazija akiwa chumbani alisikia mtu anazungumza jikoni, kwa kufuata mapigo ya mchi, neno kwa pigo, na alipotokeza akakuta ni Mwanawema peke yake anatwanga kisamvu, kimya. Siku nyengine kikaratasi cha dukani kilisahauliwa mezani, na sukari na mafuta ya taa yakaja vile vile. Bi Kazija akakitazama kile kikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni. Hakuuliza. Aliogopa akiuliza atajibiwa.

Ikafika siku ya kuonesha mchezo. Uwanja ulijaa, watoto mbele mchangani, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Bi Kazija, kwa heshima yake ya ualimu, aliwekewa kiti cha mbele kabisa, jirani na sheha, mkuu wa shehia. Nyuma yake aliketi jirani yake, Bi Mwatima, ambaye mara ngapi alikuwa amegeuka na sahani yake kwenye mlango wa Bi Kazija usioitikiwa.

Mchezo ukaanza. Akaingia bibi kizee, mkono mmoja kiunoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alisimama, akasafisha koo mara mbili kabla ya kusema, akawatazama watu kama watu wote ni darasa lililochelewa.

"Wallahi, Bi Kazija huyo!" mtu alipiga ukelele upande wa wanaume, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Bi Kazija alianza kwa kuitambua kanga. Ilikuwa yake, aliyokuwa akiitafuta tangu Idi. Kisha akaitambua miwani yake ya zamani. Mwisho ndipo alipoitambua sauti. Ilikuwa yake yeye, kavu, yenye amri, na ilikuwa inatoka kinywani mwa Mwanawema bila ya kukwama.

Hakujua aone nini kwanza. Mtoto alikuwa anasema! Anasema sentensi ndefu, zina kichwa na miguu, na mamia ya watu wanamsikiliza. Lakini alichokuwa akikisema! Katika mchezo yule kizee alikuwa na mjukuu wa kike aliyetaka kusoma, na kila jirani alipomuuliza yule mjukuu neno, kizee alimkatiza.

"Mwanangu, hujambo?"

"Hajambo!"

"Umekula?"

"Amekula!"

"Wataka kusoma weye, ama kuolewa?"

"Ana haya!"

Watu walishika mbavu. Sheha alikuwa anajifuta machozi kwa kofia yake. Bi Kazija alitazama viatu vyake. Uso ulimuwaka mpaka masikioni, akashukuru kwamba ukaya wake umefunika nusu yake. Akaanza kupima umbali wa kutoka pale hadi kwenye lango, na kuona kuwa hakuna njia isiyompitisha mbele ya macho ya kila mtu.

Hapo ndipo ilipofika zamu ya mshenga. Pandu, kijana mcheshi wa kikundi, alivaa kofia iliyomshuka hadi kwenye nyusi, akasimama nyuma ya mkeka ulioshikwa wima na vijana wawili kuwa ndiyo mlango.

"Hodi hapa!"

Mwanawema, ameketi kitako anachambua mchele, akainua uso kuitikia. Neno halikutoka. Bi Kazija aliliona lile kabla ya mtu mwengine yeyote pale uwanjani: kidevu. Alikijua kidevu kile kama anavyoujua mlango wake. Watu walidhani ni mchezo, wakacheka kidogo, wakangoja.

"Hodi wenyewe!" Sauti ya Pandu sasa ilikuwa na wasiwasi.

Kidevu kikatetema. Bi Kazija akasogea ukingoni mwa kiti. Wacha wacheke kanga, wacha wacheke miwani, lakini hili wasilione. Hili tu. Miaka yote ile alilizuia kwa mwili wake.

"Ho-o-di!"

"Karibu!" Bi Kazija alikuwa amesimama. "Karibu ndani!"

Uwanja ulinyamaza kama uliomwagiwa maji. Kisha Pandu akachungulia juu ya mkeka, akamtazama kizee wa mchangani, akamtazama wa kitini.

"Sasa niingie kwa karibu ipi?" akauliza. "Ya huku, ama ya kule?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Watoto waligaragara. Na Bi Kazija akabaki amesimama, hawezi kukaa, hawezi kwenda, mkono mmoja kiunoni, miwani kwenye paji la uso, vile vile kama yule aliyekuwa akichekwa.

Mwanawema aliweka ungo chini. Akainuka taratibu, akasafisha koo mara mbili.

"Na... na... nani huyo," akasema, "anayekaribisha wageni nyumbani kwangu na mwenyewe nipo?"

Watu wakapiga makofi. Aliinua mkono, wakanyamaza. Alimtazama bibi yake, na macho yake hayakuwa na jeuri hata kidogo.

"Kaa kitako, bibi. Nyumba hii ina mwenyewe."

Bi Kazija akakaa.

"Na weye mshenga, rudi nyuma. Piga hodi vizuri."

Pandu akarudi nyuma ya mkeka. "Hodi."

"Ka..." Mwanawema alifumba macho. "Ka... ka..."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja mbele alitaka, mamake akamshika kichwa. Uwanja mzima ulingoja, sheha na kofia yake mkononi, na Bi Kazija akaona kwamba kungoja kule hakukuwa na dharau yoyote. Wanangoja tu, kama mtu anavyongoja maji yachemke.

"Karibu."

Mchezo ukaendelea. Bi Kazija hakuusikia uliobaki. Aliyemsikia ni Bi Mwatima, aliyeinama kutoka nyuma na kumnong'oneza sikioni, naye hakuwa anacheka.

"Kumbe ndiye yeye aliyekuwa ndani siku zote zile?"

Bi Kazija aliitikia kwa kichwa.

"Na sie tukasema mna maringo. Lo, Bi Kazija! Si ungetwambia? Mie ningengoja."

Maneno hayo yalimwingia kuliko kicheko chote cha uwanjani. Aliwahi kuhofia watu watasema nini juu ya mtoto. Sasa walijua, na lile walilokuwa nalo la kusema lilikuwa juu yake yeye. Heshima aliyokuwa akiilinda kwa kuufunga mdomo wa mtoto ilikuwa haijaombwa na mtu.

Mwalimu Jecha alikuja kumsalimu mchezo ulipokwisha, akiangalia chini kama zamani alipokosa hesabu.

"Nilikwambia asiseme," alisema Bi Kazija.

"Uliniuliza kama nimekusikia, Mwalimu. Nilikusikia."

Alitaka kumkaripia, akakosa sauti. Sauti ile ilikuwa imetumika yote mchana huo.

Walirudi nyumbani yeye na Mwanawema, kanga mkononi mwa mtoto.

"Bibi, ume... umeka..."

Umekasirika. Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Bi Kazija, limekamilika, na ilibidi auume ulimi. Njia ilikuwa fupi na neno likawa refu.

"Umekasirika?"

"Hiyo kanga uifue," alisema. "Umeiburura mchangani." Alitaka kuongeza jambo, na jambo hilo lilimkaba kooni kama "karibu" ilivyokuwa ikimkaba yule mtoto.

Haikupita wiki, Bi Kazija akiwa ukumbini anakunja nguo, hatua chache tu kutoka mlangoni, akasikia hodi. Aliijua sauti, ya Bi Mwatima. Mwanawema alikuwa jikoni huko nyuma, anatwanga.

Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Akachukua pindo la kanga akaliuma.

"Hodi wenyewe!"

Mchi ukasita.

"Hodi jamani!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Chini ya pazia Bi Kazija aliiona miguu ya Bi Mwatima, akangoja igeuke, kama ilivyogeuka mara zote zile yeye alipokuwa hayupo. Haikugeuka. Ilihama kidogo, kama ya mtu anayehamisha sahani kutoka mkono huu kwenda ule, ikatulia tena.

"Ka..." ilitoka jikoni. "Ka... ka..."

Watu wawili walingoja, mmoja kila upande wa pazia, na yule wa ndani alikuwa ameinamisha kichwa.

"Karibu, Bi Mwatima! Karibu ndani."

Pazia likafunuliwa. Bi Mwatima akaingia na mkate wake wa kumimina, bado una moto, akashtuka.

"Ah! Kumbe na weye upo hapa hapa?"

"Nipo," alisema Bi Kazija, akalitoa pindo la kanga mdomoni, na hakuweza kumtazama jirani yake machoni.