Dakika Tano za Kufika Kawangware

Niliondoka nyumbani Kambi Muru, Kibera, kwa sababu ya sahihi moja. Ilikuwa Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, barabara zimefungwa kwa mawe na matairi, na mwalimu wangu wa Kijerumani, Frau Ingrid, alikuwa anarudi kwao. Bila sahihi yake kwenye fomu yangu, nafasi ya kwenda Ujerumani kutunza wazee ingenipita, na lugha hiyo nilikuwa nimeisomea miaka miwili. Gari lingemchukua kituo cha Kawangware 46 saa nne asubuhi. Nilimwahidi nitafika saa tatu. Kwa nini nilisema saa tatu, Mungu ndiye anajua.

Saa mbili na nusu nilikuwa nimefika Makina tu. Vijana walikuwa wanakimbizana na polisi, na Mama Halima, muuza vitambaa tunayefahamiana naye, akanivuta dukani mwake na kushusha mlango wa chuma.

"Wewe Mwende, uko sawa kweli? Leo ni siku ya kutembea?"

"Nina haraka, Mama Halima."

"Haraka itangoja. Kaa hapo ukunywe chai."

Nilikunywa chai kwa hasira. Saa nne kasorobo bado tulikuwa tumejifungia, nikampigia mwalimu. Alikuwa ametufundisha kwamba Mjerumani haambiwi "ngoja" kavu kavu, anaombwa. Sentensi nilikuwa nimeikariri mpaka ulimi ukaizoea: "Könnten Sie bitte einen Moment warten?" Yaani, tafadhali, ungeweza kunisubiri kidogo? Niliisema bila kosa hata moja.

Akakubali mara moja, kisha akauliza nitachukua muda gani.

"Fünf Minuten," nikajibu. Dakika tano!

Mama Halima hajui Kijerumani, lakini alinitazama akacheka. "Umemwambia uko karibu, si ndiyo?"

"Sasa ningemwambia nini? Saa nzima? Ni mwalimu wangu!"

Kwetu humwambii mkubwa wako akusubiri saa nzima. Huko ni kumkosea adabu. Unasema dakika tano, naye anaelewa kwamba bado uko mbali.

Nje kulipotulia Mama Halima akanifungulia, na saa nne na robo nilikuwa kituo cha Adams, natembea upesi jasho likinitoka, simu ikalia. Frau Ingrid alitaka kujua kama nimeshafika. Nikamwomba tena, kwa heshima ile ile, anisubiri kidogo. Dakika tano nyingine. Nilitamani kujizaba kofi.

Dagoretti Corner, vijana watatu walikuwa wameweka gogo barabarani.

"Niaje, madam. Leta ID."

Mmoja alisoma jina langu herufi kwa herufi. "Huyu ni wa Kitui, si kabila tunatafuta. Wacha apite."

Nilipita. Nilifurahi, na nilichukia kwamba nimefurahia jina langu kuwa na bahati siku hiyo.

Saa tano kasoro dakika kumi nikafika Kawangware 46. Lango la ukumbi tuliosomea lilikuwa limefungwa. Baba Njeri, mlinzi wa pale, akatokeza kichwa.

"Mwalimu ameenda, dada. Si kitambo."

"Si nilimwomba anisubiri!"

"Alikungoja. Alisimama hapa kwa gate akiangalia saa. Dakika tano zikaisha. Ukasema tano zingine, akasimama tena. Mwishowe dereva akamwambia huyu hakuji, twende."

Nikatoa simu nimpigie. Ikalia mfukoni mwa Baba Njeri.

"Hii aliniachia," akasema kwa aibu. "Ati huko kwao ako na ingine."

"Angeongeza kidogo tu, Baba Njeri! Kidogo tu!"

"Lakini dada, ndege yake ni ya usiku. Dereva alikuwa amekubali kukaa hadi saa sita. Mwalimu alisema kama ungesema unataka saa nzima, angeingia ndani apike chai akungoje. Wewe ulisema uko hapa, na haukuwa hapa."

Alasiri, barabara zilipotulia kidogo, nilirudi Kambi Muru, fomu ikiwa kifuani, imelowa jasho. Dada yangu Mutheu alikuwa mlangoni.

"Alitia sahihi?"

"Gari liliniacha," nikamjibu.

Akawalaani wenye mawe na wenye matairi, nami nikamwacha awalaani. Sikumwambia kwamba gari lilikuwa tayari kunisubiri saa mbili nzima, kama ningeziomba.