Fundi Likizoni

Mume wangu ni fundi, na hata likizo hii tuliyoisubiri kwa hamu anahangaika na bawaba za milango ya watu. Chai anainywa wima, bisibisi mfukoni, masikio ameyatega kwenye bomba linalovuja. Nikimwambia, "Baba watoto, keti basi na wanao," ananijibu, "Nakuja, namalizia hiki tu." Hiki chake hakiishi. Leo binti yetu mdogo alimpelekea kiatu kilichokatika mkanda. Papo hapo baba mtu akaketi naye sakafuni, magoti yakigusana, akaushona taratibu. Akanigeukia akitabasamu. "Si unaona nimekaa?" Nilikuwa nimemwona mtoto nyuma ya mlango, akiutafuna mkanda ule mpaka ukakatika.