Kitanda cha Lifaki

Mama mkwe wangu aliamini kwamba tumbo la mwenye mimba likiomba kitu, lipewe. Lisipopewa, mtoto atazaliwa akidondosha mate na hatakoma. Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Kabondo waliomba udongo wa kutafuna. Mimi, Mungu anisamehe, nilitamani harufu ya diluant, yale maji makali ambayo mafundi huyeyushia vanishi. Alipogundua, alifurahi kama aliyeokota pesa barabarani.

"Bokilo, tumbo yako iko na akili," aliniambia mimi mkwe wake. "Kamata pinceau." Akanitilia brashi mkononi.

Karakana ya useremala ilikuwa yake, aliachiwa na marehemu baba mkwe. Mume wangu alipasua mbao uani, penye hewa. Mimi nilifungiwa ndani. Vumbi la pikipiki likigusa vanishi mbichi, kabati linaota chunusi na mteja analikataa. Kwa hiyo mlango ulifungwa, na madirisha yakazibwa kwa magunia yaliyolowa. Asubuhi ilikuwa raha. Kufika mchana kichwa kiligonga, nikatapika juu ya maranda. Nikitoka kupumua, namkuta mama mkwe ameketi mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Tumbo imesema basi? Ao ni weye uko muvivu?"

Mume wangu alisikia kila neno, akazidi kusukuma msumeno.

Kwenye kliniki ya wajawazito, daktari alizinusa nywele zangu kabla hajanigusa tumbo. Aliuliza kazi yangu. Akasema mvuke ule hauishii kwenye mapafu yangu, unafika hadi kwa mtoto, na mtoto anaweza kushindwa kukua vizuri. Nilimpelekea mama mkwe maneno hayo. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Docteur ni mwanaume. Alibebaka mimba ngapi?"

Kisha akanipa kazi mpya: kitanda cha mjukuu wake, cha mbao za lifaki, chenye vizuizi pembeni. Nilikipaka na kukirudia mpaka nikaiona sura yangu ndani yake.

Nilizaa msichana. Alitimiza miezi yake yote, lakini alikuwa mdogo hata mkunga akampima mara mbili. Siku ya kilo, watoto wanapopimwa wakining'inia kwenye ndoano, mwanamke mmoja aliuliza kama nimeleta mtoto au kuku. Wote walicheka, nami nikacheka nao, nikiwa na hamu ya kumng'ata. Mama mkwe ndiye hakucheka. Aliwatangazia majirani: "Kwetu hatuzalake bafupi. Aangalie kwao." Tangu siku ile namchukia, na sijatubu.

Daktari hakuniapia kitu. Alisema watoto huzaliwa wadogo kwa sababu nyingi, ila ile karakana asingeiondoa kwenye hesabu.

Nilimlisha binti yangu uji wa soya, mayai, samaki, pondu ya majani ya muhogo. Alikula vyote. Hakurefuka. Sasa yuko darasa la tatu, mwalimu humketisha mbele kabisa, na wageni huniuliza kama ameanza kusema. Huwajibu mwenyewe, kwa Kifaransa, kwa ukali. Ukali huo ni wangu.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja, nyuma yake mke mpya wa shemeji yangu, tumbo mbele. Alitaka kitanda.

"Mutoto wako iko na miaka nane, bwana! Miguu itatoboa mbao. Leta kitanda, tupatie ule anakuya."

Sikubishana. Nilimwita binti yangu, nikamwambia alale humo kitandani, anamolala hadi leo, na kujinyoosha. Akalala. Kitanda kilitengenezwa kimtoshe mtoto hadi miaka mitatu tu, lakini kati ya nyayo zake na ubao wa chini mto mzima ungeingia.

Mama mkwe aliinama. Nilidhani anamtazama mtoto, na moyo wangu mjinga ukaanza kumsamehe. Yeye akapitisha kidole kwenye ubao.

"Ona vernis," alimwambia yule mwenye mimba. "Bado inangaa. Na weye utapaka bien ivi."

"Mi nayo napendaka ile arufu, mama," yule mke mpya akajibu, akitabasamu.

Nilimshika mkono yule mwenye mimba, nikaukandamiza pale patupu, chini ya nyayo za binti yangu.

"Pima," nikamwambia.

Alicheka, akidhani ni mchezo. Binti yangu hakucheka. Alikunja miguu, akajifunika uso kwa shuka.