Mistari Iliyofichwa

Wenzake walimwita Bi Nadhifu, karani wa hospitali ya macho, kwa sababu hata kikombe chake cha chai hakikukaa upande. Jedwali la wanaosubiri upasuaji lilikuwa kwenye kompyuta yake, na alilipangia kanuni: aliyesubiri kupita miezi sita, mstari wake unageuka mwekundu wenyewe, ili daktari amwite kwanza. Wekundu ule ulikuwa na kazi, jamani. Haukuwa urembo.

Akauguliwa na mwanawe, akachukua likizo ndefu. Aliporudi alikuta jedwali jeupe pee. Masikini, akafurahi! Akadhani madaktari wamejitahidi.

Kisha akaja mzee mmoja, fundi cherehani, ameshikwa mkono na bintiye.

"Baba alikuja mwaka jana, ana presha ya jicho," binti alisema. "Mlisema mtampigia simu."

Bi Nadhifu akatafuta jina. Hakuna. Akatazama pembeni mwa jedwali: namba za mistari zilifika kumi na nne, zikaruka hadi sitini na moja. Akaondoa filta iliyoificha mistari ya katikati, ikarudi, lakini mitupu. Kanuni yake ilikuwa imebadilishwa, maandishi yawe meupe juu ya weupe. Hivi mtu na akili zake anakaa kitini anafanya mambo haya!

Akaingia kwa mganga mkuu bila hodi.

"Nani kaficha wagonjwa wangu?"

"Punguza sauti, dada. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na ule wekundu ungetuaibisha. Sijamfuta mtu mimi. Wote wamo mle mle."

"Wamo mle mle! Daktari anaita anaowaona, bosi. Hawa angewaona wapi?"

Mganga mkuu akashika kalamu, akaiweka, akasema alisahau tu kurudisha. Alisahau! Watu wanapofuka huko majumbani kwao, yeye kasahau.

Daktari alimpima fundi mchana ule ule. Jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto wangejaribu kuliokoa kesho yake. Bi Nadhifu akaenda mwenyewe kumweleza, pale benchini.

"Mwanangu, usijali," mzee alisema. "Wagonjwa ni wengi. Nilijua tu mmenisahau."

Angeweza kuitikia, yakaisha. Hasira ikamkataza.

"Hatukukusahau, baba. Tulikuficha."