Pikapu Mbili, Namba Moja

Nyinyi mnaoniita Mama Mapacha hapa Igoma, leo kaeni niwaambie, maana wengi mnadhani nilizaa pacha, na mimi sijawahi kuzaa pacha, nimezaa mmoja mmoja kwa adabu zangu, na jina hilo nililipata kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, mbele ya kadamnasi, nikiwa na kitenge kipya na kilemba kimesimama. Ni aibu, sikatai. Lakini ni aibu yangu na nimeshailipia, kwa hiyo atakayeisimulia vibaya nitamsahihisha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, magari ya mtumba yanaingia kutoka Japani, na mimi baada ya kuuza dagaa mpaka harufu ikawa kama ya kwangu ya kuzaliwa nikajinunulia pikapu nyeupe. Ushuru nimelipa, karatasi za bandarini ninazo, kilichobaki ni kusajiliwa nipate kadi na namba, na kila nikienda kuulizia naambiwa mama vuta subira. Ningevuta. Tatizo ni kwamba mwanangu Masanja alikuwa anataka kuoa ng'ambo, upande wa Sengerema, na baba wa binti, Mzee Lugembe, alikuwa na maneno.

Mara ya kwanza tulipokwenda kujitambulisha tulifika juu ya lori la pamba, tumekaa kwenye magunia, nyusi zote vumbi, na yule mzee akatoka ndani na koti lake lisilomtoka mwilini, akaegemea pikapu yake (nyeupe pia, imeoshwa mpaka matairi) akasema mbele ya wazee wetu, "Kumbe wageni wenyewe mmeletwa kama mizigo." Watu wakacheka. Mwanangu akainamisha kichwa. Mimi nikalimeza neno lile, lakini halikushuka. Tulipoaga akatupangia siku ya kuleta posa, akaongeza kwamba tusipofika kabla jua halijawa la utosi, ipo familia nyingine imeshabisha hodi.

Siku ikakaribia, namba bado. Nikaenda kwa Bwire, fundi wa mabango, yule anayeandika majina ya maduka na vibao vya magari, na mlangoni kwake kilikuwa kinaning'inia kibao kizuri cha namba.

"Bwire, hiyo namba ya nani?"

"Haina mwenyewe, mama. Nimeibuni tu wateja waone mwandiko."

"Basi niandikie hiyo hiyo, mbele na nyuma."

Akanitazama. "Mama, hiyo ni ya kuangalia tu."

"Na mimi nakwenda kuangaliwa," nikamjibu.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu vizuri (niacheni nijisifu kidogo): namba isiyo na mwenyewe nani atailalamikia?

Siku ya safari kaka yangu Makoye akashika usukani, mimi pembeni yake, nyuma wazee wawili, beberu mmoja na kreti za soda. Mpaka Kigongo hakuna aliyetuuliza kitu. Tukaingia kwenye foleni ya kivuko, tukasimama nyuma ya pikapu nyeupe, lori la pamba likaja likatuziba kwa nyuma, na Makoye akanyoosha shingo juu ya usukani.

"Dada," akasema, "hebu soma mbele."

Nikasoma. Nikashuka nikaenda kusoma kibao changu, nikarudi nikasoma tena cha mbele. Namba ile ile, herufi zile zile. Na kabla sijajua nifanye nini akapita mama mmoja muuza samaki wa kukaanga na sinia lake, akatazama huku, akatazama kule, akaita kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka Busisi ng'ambo, "Jamani njooni muone mapacha, Kulwa na Doto!"

Wakaja. Wenye mizigo wakatua mizigo. Mlango wa ile pikapu ya mbele ukafunguliwa, likashuka koti ambalo nililitambua kabla ya uso. Mzee Lugembe mwenyewe! Kumbe alivuka alfajiri kuja mjini kununua mchele wa kutupokea. Mimi hakuniona, aliona kibao.

"Wezi wa namba! Afande! Kamata hawa!"

Halafu akaniona. Nikasema kitu pekee kilichokuja mdomoni: "Shikamoo, mkwe."

"Mara..." akasema, akaishia hapo.

Afande wa barabarani akafika bila haraka, akaomba kadi za magari. Mimi nikatoa karatasi za bandarini. Mzee akasema kadi yake iko nyumbani na kila mtu anamfahamu, na watu wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu yeye ana koti na mimi nanuka dagaa. Kisha akawageukia wazee wangu kule nyuma, akasema taratibu lakini kila mtu akasikia, "Binti yangu simtoi kwa watu wa kukimbizana na polisi. Rudini."

Hapo nilijuta, nasema kweli. Nilimwona akilini Masanja alikobaki nyumbani anangoja habari, nami ndiye nimemharibia kwa kutaka kuonekana.

Afande akasema, "Kibao mtu anaandikiwa popote. Tuulize chuma." Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye petroli, akainama kando ya gurudumu langu la mbele, akasugua tope kwenye chesisi, yaani ile fremu ya chini inayobeba gari zima, zikatokea tarakimu zilizogongwa kiwandani. Akaweka karatasi juu yake, akapitisha penseli ubavu ubavu mpaka zikahamia kwenye karatasi. Akalinganisha na za bandarini moja baada ya moja.

"Gari ni lako, mama. Namba ndiyo siyo yako. Una kosa."

"Nimelikubali. Sasa muulize na chuma cha mkwe."

Mzee akasimama mbele ya pikapu yake. "Boneti inakwama," akasema.

"Hiyo namba haikai kwenye boneti," nikamwambia (nilikuwa nimejifunza punde tu, lakini niliongea kama fundi), nikanyakua kitambaa mkononi mwa afande, nikakunja kitenge, nikapiga magoti kwenye tope, nikajisukuma nusu mwili chini ya gari la mkwe wangu mtarajiwa nikasugua. Kilemba kikabaki nje. Watu walikuwa wanashangilia kama mpira, na mimi huku chini nalia kwa hasira na bado nasugua.

Afande akanakili, akaenda kituoni kwake kuuliza mjini kwa redio. Kivuko kikaenda, kikarudi. Akatoka na majibu: namba ya kwenye vibao haijawahi kutolewa kwa gari lolote, na chesisi ya mzee haijawahi kusajiliwa popote. Kisha akainamia vibao vyote viwili. "Na hizi 6 zenu zina mkia mmoja, mkono ni wa mtu mmoja. Nani kawaandikia?"

"Bwire," tukasema kwa pamoja, mimi na mkwe.

Mama wa samaki alikaa chini kabisa kwa kicheko.

Pikapu zote zikazuiwa. Tukaketi benchi moja nje ya kituo, mzee akaninong'oneza, "Mama Masanja, haya yasifike kwa mke wangu."

"Mkwe," nikasema, "mimi mke wako simuogopi. Nimekuja posa, na jua bado halijawa la utosi."

Akanyanyuka akajitwika kreti ya soda. Tukavuka kwa miguu na beberu wetu, na upande wa Busisi tukapewa nafasi na lile lile lori lililotuziba nyuma. Tulipofika kwake mkewe alitoka mlangoni akamkuta mumewe juu ya magunia, nyusi zote vumbi. Nikamshika mkono kumsaidia kushuka.

"Karibu nyumbani," nikamwambia, "mzigo mwenzangu."

Posa ilipokelewa. Faini tulilipa wote wawili, namba yangu halali ikatoka, na nimeapa kwamba gari langu halitatoka tena uani na kibao cha kubuni, hata kama nakwenda kuoza wana wangu wote siku moja. Lakini kupiga magoti pale kwenye tope nikasugua chuma cha mkwe, hilo kesho narudia, na kitenge ni kile kile. Kwa hiyo niiteni Mama Mapacha, nitaitika. Baba Mapacha yuko Sengerema, mkamwite na yeye.