Siku Baba Alipomleta Bibi Milembe Nyumbani

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unataka kubatizwa, ni vema uisikie kabla hujaingia majini.

Ilikuwa kesho yake baada ya kumzika kaka yangu Masunga. Tulikuwa tukiishi kijijini, nje ya Bariadi, miaka ile magari ya wanunuzi binafsi wa pamba yalipoanza kuingia huku kwetu. Kabla ya hapo tuliuuzia ushirika tu. Masunga alipata kibarua cha kupakia pamba kwenye magari hayo, na haikuchukua muda akawa na baiskeli, redio, na mabati ya kuezekea nyumba ya wazazi. Kisha akashikwa na homa kali. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali, akakata roho njiani.

Kijana akifa namna hiyo, watu wa kwetu hawakukubali kuwa ni homa. Baba mdogo, Ndaki, alikwenda kwa mganga akarudi na jina: bibi Milembe, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya korongo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi, maana hakuwa na wa kumtafutia kuni, na wekundu ule kwao ulikuwa ushahidi tosha wa uchawi. Vikongwe kama yeye walikuwa wakiuawa miaka hiyo. Vijana wa ukoo wakaanza kunoa mapanga mchana kweupe, waombolezaji wamekaa uani, na hakuna aliyewakataza.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, hata akisimama kuhubiri alimaliza upesi. Aliinuka mkekani, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amemshika mkono bibi Milembe, wanatembea polepole kwa mwendo wa yule bibi.

Watu walijivuta kuwapisha, na wale vijana wakabaki wameshika mapanga yao, hawajui wayaweke wapi.

Baba mdogo akaziba mlango. "Kaka, huyu ndiye kamla mtoto wako."

"Mtoto wangu kafa kwa homa," baba alisema. "Na hata kama angekuwa adui yangu, nilipobatizwa nilikubali kuwapenda adui zangu. Mayu, mama yetu huyu, hajanikosea chochote. Nitamwachaje?"

"Ukimwingiza humo, mimi na wewe si ndugu tena."

Niliona midomo ya baba ikitetemeka. Ndaki ndiye aliyebaki katika watoto wa mama yake.

"Nimekusikia, mdogo wangu," alisema. "Naomba nipite."

Akapita naye.

Wazee wa kijiji wakatangaza tutengwe. Hakuna aliyeitikia salamu yetu, hakuna aliyetuazima ng'ombe wa kulimia, na tukifika kisimani wenzetu walijitwika ndoo wakaondoka hata hazijajaa. Pamba yetu ilipopasuka hatukuwa na mikono ya kutosha. Mvua ikatukuta hatujafika nusu ya shamba, huku magari yakipita barabarani yamejaa pamba za wengine.

Lakini aliyebeba mzigo mzito zaidi ni mama. Alimpa bibi kitanda, alimpa chakula, ila hakumruhusu kugusa chungu chake, nasi alitukataza kula chochote alichokishika. Sikumlaumu. Ndiye aliyemzaa Masunga.

Basi jioni moja tulitoka shambani tumechoka, tukakuta ugali umepikwa, na mboga ya majani makavu ya kunde. Bibi Milembe alikuwa amesimama kando ya mlango.

"Niliona mmechelewa," alisema. "Mkiogopa, wapeni mbwa."

Mama aliutazama ule ugali kwa muda mrefu. Kisha akanawa mikono, akaketi chini, akamega tonge, akachovya, akala. Machozi yalimtoka akitafuna.

"Mayu," alimwambia, "njoo ukae tule."

Nimesali katika makanisa makubwa, mwanangu, nimesikia kwaya za kila namna. Lakini woga ule mtakatifu ulionishika kando ya sinia lile, nywele zikanisimama, sijaupata tena popote. Nilijua Mungu ameketi nasi.

Sitakudanganya kwamba yote yalirudi. Majirani walirejea mmoja mmoja, miaka ilivyokwenda. Baba mdogo hakurejea; alikufa hajamsemesha kaka yake. Bibi Milembe aliishi nasi hadi uzee ukamchukua, na mama ndiye aliyeamua azikwe kando ya Masunga.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usibatizwe kwa sababu ya nguo nyeupe na pilau. Kumfuata Yesu kutakudai watu unaowapenda na jina lako zuri, na huenda usirudishiwe ukiwa hai. Ukitetemeka siku hiyo, usidhani imani imekuishia. Baba alitetemeka, akapita. Na wanaochelewa kufika, kama mama, usiwahukumu. Wasubiri.

Mungu wa wazazi wangu akutie nguvu miguuni siku utakayotakiwa kupita mbele za watu wote. Akupe mlango wa kumfungulia aliyekataliwa, na moyo wa kumega naye tonge. Nenda kabatizwe, mwanangu. Mikono yangu iko juu ya kichwa chako.