Uso Nilioukwangua

Mume wangu alikufa kwa homa ya siku tatu, na mie sikulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa mtaa waliloanza nalo. Kariakoo ile ya zama za Mwingereza nyumba zilibanana, mtu akipiga chafya chumbani kwake jirani anamwombea dua kitandani. Mjane mkavu wa macho angefichika wapi? Wakasema nina roho ya jiwe. Wengine wakasema nimerogwa. Hakuna aliyeniroga. Nilikaa eda yangu mkekani na nguo nyeupe, nikila nikipewa, nikilala nikiambiwa, na ndani sikusikia kitu chochote.

Baba yangu alikuwa fundi bati. Alikaa barazani karibu na Msimbazi akigeuza madebe ya mafuta ya taa kuwa koroboi na fanusi. Sikuwa na kaka, kwa hiyo kulehemu nilifundishwa mie. Aliponiona nimekaa kama gogo, akaniletea kazi ndani. Mhindi mmoja mpiga picha alikuwa amefunga duka anarudi kwao, na vioo vyake vya picha aliviuza kwa makasha. Vilikuwa vioo vyembamba, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, vina utando ambamo sura za watu zimekaa kinyume: penye weupe pana weusi, penye weusi pana weupe. Baba alivinunua vya kutilia kwenye fanusi. Kazi yangu ilikuwa kuviloweka kwenye maji ya moto na magadi, kuvikwangua kwa kisu butu, kuvisuuza na kuvianika.

Nikakwangua. Maharusi, makarani wenye tai, watoto wa sikukuu, wote walipita mkononi mwangu wakaishia kwenye beseni kama ukoko wa uji. Kila kioo nilikianza juu katikati, kwenye kichwa, nikateremka. Sikuwatazama. Nyuso za watu hazikunihusu.

Jambo moja tu lilinitisha, na hilo sikumwambia mtu. Uso wa mume wangu ulikuwa umenitoka. Nilikumbuka kanzu yake, kikohozi chake, na kidole chake cha mwisho kilichopinda tangu kabla hajanioa, kilipobanwa na kasha bandarini. Nikipanda juu ya shingo, hamna kitu. Miaka mitano nimeishi na mtu, siku arobaini zimemfuta.

Mama yake aliingia baada ya hiyo arobaini, kutoka Bagamoyo. Msiba ulipotokea alikuwa hoi kitandani, akazikiwa mwanawe bila ya yeye kuwapo. Sasa alikuja kunisimamia eda iliyobaki. Hakuniuliza kama nililia. Alitua kifurushi chake, akatazama beseni, akatazama vioo vilivyopangwa juani.

"Vya nani hivi?"

Nikamwambia ni vya Mhindi mpiga picha, yule aliyefunga duka.

Aliinama, akagusa kimoja. Kisha akasema, "Mwanangu alipigwa picha kwa Mhindi huyo. Sikukuu moja, kabla hajakuoa. Akaniletea Bagamoyo nikaitundika, mchwa wakaila na fremu yake."

"Hakunambia."

"Angekwambia nini, na picha yenyewe haipo?"

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Kasha la kwanza lilikwisha kitambo. Vioo vyake baba keshavitia kwenye fanusi, na fanusi ziko kwa wauza kahawa na wakaanga samaki wa Feri. Kasha la pili lilikuwa nusu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia vile vile nilivyokuwa siku zile, bila kupepesa: "Mama, pengine nimeshamkwangua."

"Pengine," akasema. Akakaa chini taratibu akishikilia ukuta. "Na mie sikuuona uso wake hata wa maiti."

Tulivitazama vioo vilivyobaki kwenye mwanga wa mlango, kimoja kimoja. Kazi bure. Nyuso zenyewe hazizidi ukucha wa dole gumba, tena zimegeuka, weusi kwa weupe, kila mtu anafanana na mwenzake. Macho ya mama mkwe yalikuwa na ukungu. Alishika kioo cha mwanamke akaniuliza kama ndiye.

Hapo ndipo nilipokumbuka sanduku la mzungu wa afya. Nilikuwa mtoto, alikuja kutuonyesha picha ya mbu juu ya shuka iliyotundikwa, mbu mkubwa kama ng'ombe, kwa taa iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye jicho la kioo mbele. Watu walisahau maneno yake yote wakabaki na yule mbu. Sanduku lile lilikuwa la bati, na bati naliweza.

Nilimwambia baba alipokuja na madebe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Taa gani itakayopenya utando ule? Koroboi haiwezi."

"Jua," nikasema.

Tulikata debe moja pande mbili. Upande wa nyuma tukaacha tundu la kuingizia mwanga, katikati nikalehemu mifereji miwili ya kutelezesha kioo cha picha, mbele tukatia kopo ndani ya kopo ili moja liingie na kutoka. Jicho halikuwapo. Baba akavua miwani yake ya kusomea, akaitazama, akachukua koleo akang'oa kioo kimoja. Tangu siku hiyo alisoma msahafu wake kwa jicho moja, na mtu akimcheka alijibu kwamba herufi hazijalalamika.

Likabaki jua. Dirisha la chumba lilitazama uani, na jua la saa nne halikuingia. Lilitaka kioo cha kulirushia ndani. Kioo kilikuwapo kimoja tu nyumbani, changu cha kujitazamia, na siku ya msiba wakubwa walikuwa wamekigeuza uso ukutani, maana mjane hajitazami mpaka eda iishe. Nilimtazama mama mkwe. Yeye ndiye mwenye eda yangu.

"Hapana," akasema. Nikaendelea kufagia vumbi la bati. Hata nguvu ya kumwomba kwa maneno sikuwa nayo.

Asubuhi yake alikitoa mwenyewe. Alikitungua kimegeuka vile vile, akakifunika kanga, akakipitisha mbele yangu. "Wewe hukuangalia," akasema, "na kioo hakikukuangalia. Baba yako akishike."

Baba akakaa uani juu ya kinu na kioo magotini. Tukafunga dirisha, tukaziba nyufa kwa magunia, tukaacha tundu la sanduku tu. Mara ya kwanza ukutani kulitokea duara dogo kama sahani, na mengine giza. Nikapaka karatasi mafuta ya nazi nikaiweka nyuma ya kioo cha picha, mwanga ukatandazika. Watu wakatokea, lakini wamening'inia kichwa chini.

"Ndio popo hawa?" mama mkwe akauliza.

Nikakichomoa kioo nikakirudisha juu chini. Mtu akasimama ukutani, mkubwa kama mtu, nywele nyeupe pe, kanzu nyeusi tii. Mama mkwe akasoma dua kidogo. Kisha akasema, "Mwengine."

Nikatia mwengine. Wote walitoka wazee, hata watoto; nywele zao wote nyeupe. Kila mara alisema, "Siye. Mwengine." Nami nilikuwa najibu, "Siye," kwa kumfuatiza, kwa kuwa hata angekuwa yeye nisingemjua. Hilo ndilo nililoliogopa: nitamtia mume wangu kwa mkono wangu, nimtazame, niseme siye.

Vilibaki vioo vinne nilipotia kimoja kilichokwaruzwa. Mwanamume amekaa kwenye kiti, kanzu, mkono juu ya goti. Kichwa hakikuwapo. Penye kichwa palikuwa na jua tupu, duara jeupe lenye kingo za kisu. Nikakijua mara moja. Siku ya kwanza ya kazi niliwahi kuanza kioo kimoja, wakaingia watu wa kunipa pole, nikakichomeka kwenye kasha la pili nikakisahau.

Kisha nikaona mkono. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda nje, mbali na wenzake.

Mama mkwe hakusema "Siye."

"Ndiye," nikasema. "Mama, mie ndiye niliyemkwangua. Nilianzia usoni."

Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama ya mtu anayetaja bei ya nazi. Nikajichukia kwa hilo.

Aliinuka, akaenda ukutani, akagusa kile kidole kilichopinda, kivuli cha mkono wake kikafunika goti. Akateremsha ushungi mabegani. Kisha akageuka kunielekea, akakunja magoti kidogo, akasogea kushoto, akasogea tena, mpaka mwanga ule mweupe ukamkaa usoni. Nywele zake mwenyewe zilikuwa nyeupe. Nyuma yake kanzu ilitokea mabegani kwake, na mkono wa mwanawe ukakaa chini yake juu ya goti.

"Alinifanana," akasema. "Wote walikuwa wakisema. Nitazame."

Nikatazama. Paji lile. Nyusi zinazokaribia kukutana. Mdomo ulioinuka upande mmoja, ule aliokuwa akiniinulia nikimkaripia kwa kuingia na viatu. Vikarudi kimoja kimoja, kisha vyote kwa pamoja, na mume wangu alikuwa pale ukutani, mzee vile ambavyo hatafikia kuwa.

Nililia kwa sauti, kilio kibaya cha kukwama kwama, mpaka majirani wakaja mlangoni kuuliza nani tena amekufa. Mama mkwe hakuondoka kwenye mwanga. Macho yake alikuwa ameyafumba kwa ukali wa jua, machozi yakimteremka, na uso ameushikilia pale pale.

Mwanga ukaanza kumteleza shavuni, jua lilikuwa linahama. Uani baba alitusikia asijue kilichotokea, akauliza kama akiteremshe kioo.

"Lifuate jua, mkwe mwenzangu," mama mkwe akamwambia. "Hajamaliza kumtazama."